Mama Hafai na Swali la Kumi na Nne

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Muuguzi Mwandamizi Pelagia Mihayo atafunga mlango wa Chumba Namba Sita na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba na miezi minne ya utumishi katika hospitali yetu hapa Tabora. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, mwaka 1998, mvua zilipokata barabara ya kutoka Kipalapala, na siku hiyo aliomba radhi kwa maandishi.

Mhariri wa jarida letu aliniagiza ukurasa mmoja wenye uchangamfu. Nimejaribu. Ukurasa umerefuka na uchangamfu umepungua, na mwenye malalamiko ayapeleke kwa mstaafu mwenyewe, kwani ndiye aliyenipa sharti. Alisema kisa cha mwaka 2014 kiandikwe chote, la sivyo hatakuja kwenye hafla, na keki tutaila wenyewe.

Pelagia alizaliwa Kipalapala, jirani na seminari, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na karanga wenye watoto saba. Aliajiriwa Februari 1988 akiwa na cheti cha uuguzi na viatu vya kuazima. Alianzia wodi ya wanaume, akapita wodi ya wazazi, na mwaka 2003 Dkt. Wenceslaus alipoanzisha kliniki ya mishipa ya fahamu, alimwomba aje kumsaidia kwa miezi mitatu. Kliniki yenyewe ilikuwa stoo ya mashuka, yenye meza moja na viti viwili. Miezi mitatu hiyo ndiyo inayokwisha mwezi huu.

Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao hupita mlangoni pale na kuona wazee wanaotetemeka bila kujua tunawafanyia nini, naomba nieleze kidogo. Tangu mwaka 2008, hospitali moja ya nje ya nchi hupokea kutoka kwetu wagonjwa wa Parkinson wasiozidi wawili kwa mwaka kwa ajili ya upasuaji wa ubongo. Huingiziwa nyaya nyembamba kichwani, zikaunganishwa na betri chini ya ngozi ya kifua, na umeme wake hutuliza mtetemeko na ukakamavu. Upasuaji huu hauponyi ugonjwa. Humrudishia mgonjwa, kwa saa nyingi zaidi za siku, ule unafuu ambao vidonge humpa kwa saa chache. Kwa hiyo ambaye vidonge havimsaidii, mara nyingi na waya hautamsaidia, na fuvu lake litakuwa limetobolewa bure.

Kazi ya Chumba Namba Sita ni kujua nani ni nani. Mgonjwa huacha dawa tangu jioni. Asubuhi anapimwa akiwa mkavu, yaani bila dawa mwilini: anavyoinuka kwenye kiti, anavyogeuka, anavyofungua na kufumba kiganja, anavyotembea mpaka dirishani na kurudi. Kila kitu huandikiwa alama, na alama nyingi maana yake hali mbaya. Kisha hupewa dawa, na baada ya saa nzima hupimwa upya. Alama zikishuka kwa theluthi, kuna tumaini. Zisiposhuka, hakuna. Baada ya hapo huja kumbukumbu, huzuni, kumeza, uwezo wa kusimama bila kuyumba, na swali gumu kuliko yote kwa watu wetu, yaani nani ataishi naye na nani atakuwa anamrudisha hospitali kila mara umeme unapotaka kurekebishwa.

Katika miaka kumi na saba Pelagia amewapima watu mia mbili na kumi na wanne. Waliokwenda ni ishirini na watatu. Waliobaki, wote mia moja tisini na mmoja, neno la mwisho kwenye karatasi zao liliandikwa kwa mkono wake, nalo ni "Hafai". Ndiyo maana pale sokoni Mtendeni wanamwita Mama Hafai, na yeye amelipokea jina hilo bila kununa. Akipiga simu kwenye nyumba ya mgonjwa husema ni Mama Hafai hapa, mzee ameamkaje.

Yapo ya kuchekesha, nisije nikaambiwa nimeandika taarifa ya msiba. Karatasi za kupima kumbukumbu zilizoletwa kutoka nje ziliwataka wagonjwa wachore saa ya ukutani, na wengi wa wazee wetu hawajawahi kushika kalamu. Pelagia aliziweka pembeni. Mzee Amon, mstaafu wa reli kutoka Urambo, aliambiwa ataje stesheni kuanzia Kigoma kurudi Tabora. Mzee alizitaja zote, pamoja na zile zilizofungwa, na kwa kila moja akaeleza treni ilichelewa kwa saa ngapi na kosa lilikuwa la nani. Pelagia aliandika: "Akili timamu. Malalamiko mengi." Siku nyingine, akitufundisha kipimo cha kumvuta mgonjwa mabega kwa nyuma ili kuona kama atajishikiza, alimtumia Dkt. Wenceslaus kama mfano, na daktari wetu bingwa akakaa kwenye ndoo ya takataka. Mwanamke mwenyewe hafiki kilo hamsini na tano.

Lakini kazi yenyewe haichekeshi. Wagonjwa huja kwa njia ile ile waliyopita wapagazi wa misafara, kutoka Ujiji, Uvinza, Kaliua, na wengine hushuka kutoka Nzega. Ukoo umechanga nauli, mzee amevalishwa nguo ya sikukuu, na nyumbani wamemwambia anakwenda kupona. Pelagia ndiye aliyewaambia hapana. Hakuwahi kumtuma mtu mwingine aseme, wala hakuwahi kusema kwa simu. Alikuwa akirudia mbele ya familia kwamba mtu hafai kwa kisu, kwetu sisi anafaa sana, na maneno hayo hayakuwa ya kufariji tu. Aliwafuata nyumbani bila kutoa taarifa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda, akiwafundisha wake na watoto namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, kutompa maharage pamoja na kidonge yasije yakapunguza nguvu ya dawa, na kubandika vipande vya utepe sakafuni ili miguu iliyoganda ipate pa kulenga. Wengi wao amewazika. Kwenye misiba ya Mtendeni hujifunga kanga na kukaa mkekani na wafiwa, yeye Mkatoliki wa Kipalapala, na hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Sasa kisa chenyewe. Nitakiandika kwanza kama anavyokisimulia yeye kila mwaka kwa waajiriwa wapya, kwa sababu wengi wenu mmekisikia.

Mwaka 2014 nafasi ilibaki moja. Alipimwa fundi bati wa Mtendeni, Mzee Mfaume, mwenye miaka sitini na nne, ambaye koroboi zake, ndoo na majiko viko katika nusu ya nyumba za mji huu. Alikuwa ameugua miaka tisa. Dawa ilikuwa bado inamshika vizuri, lakini kwa muda mfupi, na saa zilizobaki alikuwa gogo. Kwa maelezo hayo alifaa kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona. Pelagia alimwagiza ameze kidonge cha mwisho saa kumi na mbili jioni. Kesho yake saa mbili asubuhi aliletwa kwa bajaji na mkewe, Bi Maua.

Pelagia aliuliza kama mzee amemeza chochote. Bi Maua aliangalia chini. Mzee mwenyewe akajibu kwamba hajameza. Alipimwa, akapata alama thelathini na moja. Alipewa dawa, saa ikapita, akapimwa tena, akapata ishirini na saba. Tofauti ilikuwa alama nne, na ilitakiwa theluthi. Pelagia aliandika "Hafai", kamati ya kuteua wagonjwa ikafuata karatasi yake, na nafasi ikaenda kwa Eliya, mkulima wa pamba wa Nzega, ambaye naye alistahili na hadi leo anashika kikombe chake mwenyewe. Eliya hana kosa lolote hapa.

Baada ya miezi minane Pelagia alipita Mtendeni bila taarifa, asubuhi, kabla mzee hajameza dawa. Alimkuta amekaa pembeni ya kitanda, hawezi kuinuka, hawezi kugeuza shingo, udenda unamdondoka kifuani na sauti haitoki. Bi Maua alimpa kidonge. Hazikupita dakika arobaini, mzee akawa uani anagonga bati. Pelagia alisimama pale uani na kuelewa alichokuwa amekifanya. Ile siku ya kipimo mzee alikuwa amemeza kidonge baada ya swala ya alfajiri. Alama za mwanzo zilikuwa za mtu aliyekwisha kunywa dawa, na ndiyo maana dawa ya pili haikuonyesha tofauti.

Hapo hapo aliomba radhi. Alirudi ofisini, akaandika barua tatu kueleza kosa lake kwa jina lake, akaomba mzee apimwe upya. Nafasi ilichukua zaidi ya mwaka kupatikana. Mzee Mfaume alipimwa tena mwaka 2016, safari hii akiwa amelazwa wodini tangu jana yake, na dawa ilionyesha tofauti ya zaidi ya nusu. Lakini alikuwa ameanza kuona watu wasiokuwepo. Alianguka mara mbili katika wiki ile. Alipoombwa ataje watoto wake, alimsahau mmoja. Ubongo wa namna hiyo ukiingizwa waya huharibika zaidi. Pelagia aliandika "Hafai" mara ya pili kwa mtu yule yule, akaipeleka nyumbani kwa miguu.

Mzee siku hiyo alikuwa na akili zake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Ile ya kwanza ulikosea, nesi. Na hii?"

"Hii sijakosea, baba," alijibu.

Mzee Mfaume alifariki mwaka 2019. Chakula kilipita njia ya hewa, mapafu yakajaa. Miaka mitatu ya mwisho hakuweza kushika nyundo.

Pelagia anapokisimulia kisa hiki huwaambia vijana kwamba aliyekosea ni yeye, kwa kuwa aliona macho ya Bi Maua yakishuka chini na akaamua kutomsuta mtu mzima mbele ya mkewe. Kutokana na kosa hilo tulipata utaratibu wetu wa sasa: kila mgonjwa hulala wodini siku moja kabla, na vidonge hukabidhiwa kwa muuguzi. Dodoso letu la tathmini nalo lilikuja na maswali kumi na matatu yaliyochapishwa. La kumi na nne aliliongeza Pelagia kwa kalamu, na limeandikwa kwa kalamu hadi leo: "Kuna mtu yeyote humu ndani ambaye usingependa akuone ukiwa hujanywa dawa?" Akijibu ndiyo, mtu huyo hutolewa nje, hata akiwa ni mganga mkuu. Vijana humuuliza mzee yule alikuwa anamwonea haya nani. Pelagia huwajibu kwamba alikuwepo mtu, kisha huendelea na somo.

Mtu huyo ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa pili kazini, mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu chumbani ilikuwa kuangalia mwendo wa mgonjwa. Wiki tatu kabla ya kipimo wazee wangu walikuwa wamepeleka barua ya posa kwa Mzee Mfaume, kumwomba binti yake, Tatu. Majibu yalikuwa hayajatoka. Asubuhi ile Pelagia alituuliza kama kuna mwenye undugu na mgonjwa ili apishe. Nikanyamaza. Nilijiambia posa isiyojibiwa si undugu, na kwa hesabu hiyo sikuwa mwongo. Ukweli ni kwamba nilitaka mzee anione nikiwa kazini, nimevaa koti jeupe na jina langu kifuani.

Kumbe naye jana yake alikuwa amesikia kwamba nitakuwepo. Baba gani wa Tabora atakayejitokeza mbele ya kijana anayemposa binti yake akiwa anadondokwa udenda, akiinuliwa kwapani na wanawake? Alimeza kidonge. Nilipofungua mlango nikampa shikamoo, aliinuka kwenye benchi bila kujishikiza popote, akasema marahaba kwa sauti ya fundi anayeita mteja toka ng'ambo ya barabara. Nilifurahi, na aibu ya furaha ile ninayo hadi leo.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ndilo ninalotaka lisomwe. Nilikuwa nimesoma. Nilijua mtu wa miaka tisa ya ugonjwa, aliyekaa saa kumi na nne bila dawa, hainuki vile. Nilijua kabla alama ya kwanza haijaandikwa. Ningeweza kumwita Pelagia pembeni na kumnong'oneza, na kipimo kingeahirishwa mpaka kesho yake. Lakini ningekuwa nimemwita baba mkwe mwongo, tena kabla hajanijibu posa. Nilishika saa yangu, nikahesabu hatua zake mpaka dirishani, nikaziandika. Tatu na mimi tulioana mwezi wa nne mwaka uliofuata.

Nilinyamaza miaka kumi na moja. Kila Pelagia aliposimulia kosa "lake" mbele ya vijana, nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma na daftari langu.

Mwezi wa tatu mwaka huu uongozi ulimwomba Pelagia apendekeze atakayeshika nafasi yake ya kuratibu tathmini. Alinitaja mimi. Niliingia Chumba Namba Sita, nikafunga mlango, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, nikamwambia atafute mwingine. Aliendelea kupanga mafaili mpaka nilipomaliza.

"Najua, Majidi," alisema. "Bi Maua aliniambia siku ile ile, pale pale uani."

Nilimuuliza kwa nini basi alijibebesha peke yake miaka yote hii. Alinijibu kwamba hakunifichia kwa kunipenda. Siku ile Mzee Mfaume aliacha kugonga bati, akamsogelea, akamwomba jambo moja. "Alisema usimwambie kijana. Akijua, atashindwa kula kwangu."

Ndugu wasomaji, nilikula kwa Mzee Mfaume kila Ijumaa kwa miaka minne. Mwanzoni alininawisha mikono yeye mwenyewe, birika likitetemeka, na alikataa nimsaidie. Baadaye nilimlisha mimi. Alijua, kila tonge, na hakunionyesha hata kwa jicho.

Nilirudi kwenye suala la nafasi ile, nikasema bado nadhani sistahili. Pelagia alikubali kwamba sistahili. Aliongeza kuwa wanaojiona wanastahili kazi ya kuandika "Hafai" anawafahamu, na asingependa kuwaachia kalamu. Kisha akanituma nikaangalie kama mgonjwa wa wodini amekabidhi vidonge vyake.

Mambo haya nimemwambia mke wangu kabla ya kuyaandika. Siku ya tatu aliniomba karatasi, akaisoma jikoni akiwa amesimama, akaenda kumsomea mama yake. Nilikuwa nimeandika "mgonjwa mmoja" kila mahali, kama maadili ya kazi yanavyotutaka. Waliponirudishia, Bi Maua alikuwa amemwagiza Tatu afute maneno hayo yote na kuandika jina la mumewe juu yake, kwa herufi kubwa.

Mama Pelagia, kwa niaba ya Dkt. Wenceslaus, wafanyakazi wote, wale ishirini na watatu na wale mia moja tisini na mmoja, asante. Mahindi ya Kipalapala yakuone shambani kwa miaka mingi, magoti yakupe nafasi, na Mungu akujalie usingizi wa mtu aliyesema ukweli hata pale ulipomuuma yeye mwenyewe. Nami asante yangu peke yangu ni hii, kwamba ulininyamazia mpaka nilipoweza kusema. Bi Maua ameniambia Ijumaa nije kula kama kawaida. Nitakwenda, na sijui kama nitaweza kumeza.

Majidi Rehani
Kitengo cha Fiziotherapia